Theluji yao, mafuriko yetu: nani anaamua shule zifungwe, na saa ngapi?

Wasee, najua mmeziona. Kila Januari zinatujia kwenye simu: video za wakuu wa elimu wa Marekani wakichukua wimbo unaotamba, wanabadilisha maneno, halafu wanaimba kwamba kesho hakuna shule kwa sababu ya theluji. Na watoto wa huko wana ushirikina wao. Wanalala na pajama imegeuzwa ndani nje, kijiko chini ya mto, wengine wanatupa vipande vya barafu chooni, eti theluji ishuke ya kutosha shule zifungwe. Tunacheka, tunatuma kwa grupu, tunasonga.

Mimi nataka tusisonge haraka hivyo, juu nyuma ya hiyo komedi kuna utaratibu ambao hapa kwetu ungeokoa watu.

Kwanza elewa vile wamejipanga. Marekani haina waziri mmoja wa kufunga shule za nchi nzima. Kuna zaidi ya wilaya za elimu 13,000, na kila moja ina mkuu wake. Theluji ikitabiriwa, huyo mkuu halali vizuri. Kwa wilaya nyingi, saa tisa au saa kumi usiku watu wa usafiri wako barabarani tayari, wanaendesha gari kwenye njia zile zile mabasi ya shule yatapita. Wanaangalia vilima, madaraja, vichochoro ambavyo trekta la theluji halijafika. Mkuu anaongea na watu wa barabara, anaangalia utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa ya taifa, anapigia wakuu wa wilaya jirani. Kufika saa kumi na moja au na nusu alfajiri, lazima awe ameamua, juu madereva wa kwanza wanatoka karibu saa kumi na mbili.

Na si lazima iwe kufunga ama kutofunga. Kuna kuchelewesha kwa masaa mawili, kuna kuwaachilia wanafunzi mapema, na tangu korona kuna kusomea nyumbani kwa kompyuta. Hata baridi tupu bila theluji inahesabiwa, kwa sababu upepo ukifanya baridi ihisike kama -28°C, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya nusu saa. Sasa fikiria mtoto wa darasa la pili anangoja basi kwa steji. Ndiyo maana Chicago ilifunga shule zake za umma tarehe 30 na 31 Januari 2019, wakati kipimo kilishuka hadi karibu -31°C.

Usidhani wanapatia kila saa. Januari 2014 Atlanta iliangukiwa na theluji ya inchi mbili hivi. Kwa mtu wa Minnesota hiyo ni asubuhi ya kawaida. Lakini Atlanta shule zilifunguliwa, halafu mchana wanafunzi, wafanyakazi wa ofisi na wa serikali wakaachiliwa wakati mmoja. Barabara ikageuka barafu, jam ikakwama kabisa. Huko Georgia na jimbo jirani la Alabama maelfu ya wanafunzi walilala shuleni, na wengine walikwama ndani ya mabasi usiku. Inchi mbili tu! Shida ilikuwa uamuzi uliochelewa.

Mwezi uliofuata New York ikafanya kinyume: dhoruba kubwa, shule wazi. Wazazi waliwaka. Lakini jiji lilikuwa na hoja, kwamba kuna watoto ambao chakula cha shule ndicho chakula cha maana wanachopata siku hiyo, na kuna wazazi ambao wakikosa kazi siku moja wanalala njaa. Hapo ndipo unaona kufunga shule si likizo ya bure. Kuna mtu analipa, na kawaida ni yule hana kitu.

Sasa turudi nyumbani.

Aprili 2024 mvua ilikuwa imetupiga wiki nzima. Muhula wa pili ulifaa kuanza Jumatatu tarehe 29. Mafuriko hayakuwa siri. Tuliyaona Mathare, tuliyaona Tana River, tuliona barabara zikikatika. Taarifa ya Wizara ya Elimu ya kuahirisha kwa wiki moja ilitoka usiku wa kuamkia hiyo Jumatatu, saa ambazo mzazi wa kawaida amelala. Kuna wanafunzi wa bweni waliokuwa wamesafiri tayari. Nauli imelipwa, sanduku limefungwa, mtoto yuko Nakuru na kwao ni Busia. Na usiku huo huo, Mai Mahiu, maji yaliporomoka na kubeba makumi ya watu wakiwa wamelala.

Halafu Mei 3 Rais akaahirisha tena, safari hii bila tarehe. Mei 8 akasema shule zifunguliwe Mei 13. Ndani ya siku kumi hivi, mzazi mmoja alipewa maagizo matatu.

Silaumu uamuzi wa kufunga. Watu zaidi ya 200 walikufa msimu ule. Kufunga kulikuwa sawa kabisa. Ninacholaumu ni saa, na umbali wa aliyeamua. Mtu wa Nairobi aliamua kwa niaba ya kaunti 47 kwa taarifa moja, kana kwamba Lodwar na Budalang'i zinanyeshewa na wingu moja. Shule iliyo kwenye mlima mkavu ilifungwa kama ile iliyojaa maji hadi dirishani.

Najua kuna mtu atasema, "Wewe uliacha chuo mwaka wa pili, sera za elimu zinakuhusu nini?" Zinanihusu kwa sababu nina ndugu wadogo wanaopanda matatu kwenda bweni. Na kusoma saa sihitaji digrii.

Wengine watasema sisi si Marekani, mtoto wetu hapitiwi na basi la manjano mlangoni. Kweli, na hiyo inaongeza uzito wa hoja yangu. Mwanafunzi wao anasafiri dakika ishirini, kwa hivyo saa kumi na moja alfajiri inatosha. Wa kwetu anasafiri masaa nane, kwa hivyo sisi tunahitaji tangazo siku mbili kabla. Hatuwezi kunakili saa yao, lakini tunaweza kunakili swali wanaloanza nalo: gari la kwanza linaondoka saa ngapi? Ukishajua hilo, rudi nyuma, weka mwisho wa kuamua hapo, na usiuvuke.

Najua pia Katiba imeacha shule za msingi na sekondari mikononi mwa serikali ya kitaifa. Sawa. Lakini Wizara ina wakurugenzi wake wa elimu kwenye kila kaunti. Wape hao mamlaka kwenye karatasi, wakae na watu wa hali ya hewa na wa barabara, na tarehe ya mwisho ijulikane na kila mzazi kabla mvua ianze. Jina la anayeamua liwe wazi pia, ili akikosea tujue tunamuuliza nani. Na shule ikifungwa, wale wanaotegemea chakula cha shule wawe na mpango, wasisahauliwe.

Mvua ndefu zinarudi kila Machi hadi Mei, zinaweza kuwa kali ama za wastani. Hizo tarehe hazitushtui. Kwa hivyo, mkuu wa shule akiwaita wazazi kwenye mkutano, mwulize swali moja tu mbele ya watu wote: barabara ya kuja hapa ikikatika, nani ataamua, na sisi tutajua saa ngapi? Akikosa jibu, usikae chini.