Kompyuta ikisema mgonjwa huyu ni hatari, iaminiwe?

Ukisikia neno ‘kikokotoo’, usiwaze mafao. Hiki kinapima kitu kingine kabisa: uwezekano wa mtu aliyelazwa kwa amri ya mahakama kutokana na ugonjwa wa akili kufanya ukatili baada ya kuruhusiwa kurudi mtaani.

Kinaitwa FoVOx. Kimetengenezwa na watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, na kiko mtandaoni bure. Daktari anajaza majibu 12: umri, makosa ya nyuma, pombe, dawa za kulevya, muda wa kulazwa na kadhalika. Hapohapo anapata asilimia ya hatari kwa miezi 12 na 24 ijayo.

Faida ipo. Tathmini ya kawaida inakula muda, na madaktari wawili wanaweza kutofautiana juu ya mgonjwa yuleyule.

Ila namba zake zisomwe vizuri. Katika utafiti wa 2018, aliyefikisha asilimia 20 ya hatari kwa miezi 24 aliwekwa kundi la juu. Kati ya kila 100 wa kundi hilo, 37 tu ndio waliorudia ukatili. Kundi la chini, 91 kati ya 100 hawakufanya kitu.

Yaani programu inajua zaidi nani yuko salama kuliko nani ni hatari. Ukiigeuza kufuli, unawafungia na wale 63.

Kingine, hesabu hizo zimetoka kwa wagonjwa wa Sweden, nchi ambayo kumbukumbu za hospitali na mahakama zinaunganishwa kwa namba moja ya raia. Chukulia kikiletwa Isanga, Dodoma, wanakopelekwa watuhumiwa kupimwa akili. Swali la ‘amewahi kulazwa mara ngapi?’ litajibiwaje kwa mtu ambaye familia ilimpeleka kwa mganga miaka mitano, hospitali hajafika? Kompyuta itaandika sifuri. Hapo hatari inaonekana ndogo kuliko ilivyo, na atakayeumia ni jirani.

Kwa hiyo kabla chombo cha namna hii hakijaingia kwenye faili la mahakama, hakimu aulize mambo mawili. Kimejaribiwa kwa wagonjwa wa hapa? Na daktari aliyesaini ripoti alikaa na mgonjwa, au alikaa na simu?