Mkongo una Ncha Mbili, Lawama Anabebeshwa Fundi Peke Yake



Kazi ya mkongo wa faiba, yaani uzi wa kioo unaopitisha habari kwa mwanga, imeingia pwani yetu hii ya Palma na Mocímboa da Praia, na vijana wetu wanaifanya. Ni kazi njema. Lakini pamoja nayo umeingia mtindo mbaya ambao chama hakiwezi kuunyamazia: mtambo ukikataa kusikilizana na mtambo mwenziwe, fundi ndiye anayekatwa mshahara.

Mwanachama wetu mmoja limemfika hilo. Mwajiri wake, ambaye hapa simtaji, alinunua swichi mpya ya gigabiti 10 kwa ajili ya ghala. Ile ya ofisini akaiacha ilivyokuwa, ya gigabiti 1. Fundi akaunganisha kama alivyoamriwa. Taa ya njia haikuwaka. Akaambiwa ameharibu mkongo, na mwisho wa mwezi mshahara wake ukapunguzwa. Akaja chamani. Tukawauliza mafundi waliobobea katika kazi hiyo, nao wakatueleza jambo ambalo yafaa kila mfanyakazi alijue, hata yule ambaye, kama mimi, aliishia shule ya msingi.

Waya wa shaba una desturi ya kusalimiana. Vifaa viwili vikiunganishwa kwa waya huo, huulizana kwanza: wewe waweza megabiti 10, 100 au 1000? Kisha hushika kasi ambayo vyote viwili vinaiweza. Faiba kwa kawaida haina salamu hiyo ya kasi. Kifaa cha gigabiti 1 hutuma alama bilioni 1.25 kwa sekunde. Kile cha gigabiti 10 hutuma zaidi ya bilioni 10. Kila kimoja hushika mwendo wake, wala hakimsubiri mwenziwe, kama wapiga ngoma wawili wasiosikilizana.

Linalomponza fundi ni kwamba kwa macho vyote ni sawa. Moduli za kasi hizo mbili zina umbo moja, huingia tundu la namna moja, na nyingi hutumia mwanga wa aina moja, wa nanomita 1310, katika uzi ule ule. Ukipima, mwanga unafika. Basi msimamizi asiyejua husema: mwanga upo, kosa ni la fundi. Kumbe mkongo ni mzima na fundi hana kosa. Kilichokosewa ni manunuzi.

Wenzetu wa reli wanalijua jambo hili tangu zamani. Huko Tanzania, reli ya kati ya zamani ina upana wa milimita 1,000, na TAZARA ina milimita 1,067. Tofauti ni milimita 67 tu, lakini behewa la reli moja haliwezi kupita juu ya nyingine. Ndiyo maana pale Kidatu, reli hizo zinapokutana, mizigo huhamishwa kutoka behewa hadi behewa. Sijapata kusikia dereva wa treni akikatwa mshahara kwa sababu reli hazilingani.

Katika faiba, Kidatu ni swichi. Hupokea habari kwa kasi moja katika tundu hili, ikazitoa kwa kasi nyingine katika tundu lile. Kwa hiyo kasi mbalimbali zaweza kukaa katika mtandao mmoja. Lakini kila kipande cha uzi lazima kiwe na kasi moja katika ncha zake zote mbili.

Dawa basi ipo. Tundu la gigabiti 10 mara nyingi hukubali moduli ya gigabiti 1, likipangwa kwa kasi hiyo, na kwa ofisi ndogo kasi hiyo yatosha. Tundu la gigabiti 1 halipandi kufikia 10. Anayetaka 10 hana budi kununua vifaa vya ncha zote mbili.

Watakuwapo watakaosema kuwa chama kinaingilia manunuzi ya mwajiri. Tunajibu: anayetozwa hasara ana haki ya kuulizwa kabla ya hasara. Tena, sisi wa pwani hii tunajua thamani ya mawasiliano. Palma iliposhambuliwa tarehe 24 Machi 2021, simu zilikatika, na watu wakakaa bila kujua ndugu zao wako wapi. Kwetu njia iliyokufa si usumbufu wa ofisini tu.

Kwa hiyo tunadai haya. Kwanza, fundi aulizwe kabla ya kifaa kununuliwa. Pili, asikatwe mtu mshahara kwa kasi zisizolingana, na waliokatwa warudishiwe. Tatu, mafunzo yatolewe kwa Kireno, Kiswahili, Kimwani na Kimakonde, yakianza na usalama: mwanga huo hauonekani, nao waweza kudhuru jicho. Usichungulie kamwe ncha ya uzi.

Nanyi mafundi, kabla ya kuunganisha, andikeni daftarini kasi ya kila ncha, tarehe, na jina la aliyetoa amri. Siku ya mashauri, daftari hilo litawatetea, na chama kitakuwa pamoja nanyi. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Umoja ni nguvu!