Jiko la Mkaa Lilale Nje



Sisi tunaoishi Dodoma na Kanda ya Kati tunaijua baridi ya kipupwe. Kuanzia mwezi wa Juni hadi Agosti mvua hakuna, na upepo mkavu unavuma. Mji wa Dodoma uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mchana jua linawaka. Lakini usiku anga halina mawingu, na joto lote la mchana hupotea. Mwezi wa Julai, alfajiri, baridi hushuka hadi nyuzi 13 au 14 za Sentigredi. Mtu mwenye blanketi moja na watoto watano anajua maana ya baridi hiyo.

Basi mtu huyu hufanya nini? Nyumba yake haina umeme wa gridi. Labda ana sola ndogo ya kuwasha taa mbili na kuchaji simu. Sola hiyo haiwezi kupasha chumba joto. Kwa hiyo jioni akishapika, huchukua jiko la mkaa lenye makaa mekundu, huliingiza chumbani, hufunga mlango na dirisha, kisha hulala.

Leo nataka kusema nawe juu ya jiko hilo. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

Yaliyonipata mimi

Miaka mingi iliyopita nililala ugenini katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Kongwa. Ilikuwa Julai. Wenyeji wangu walikuwa watu wema. Waliona natetemeka, wakaniletea jiko la mkaa chumbani. Mtoto wao mdogo akaja kulala chumba hicho hicho ili naye apate joto. Tukafunga mlango.

Alfajiri niliamka kichwa kinaniuma sana. Miguu haikuwa na nguvu. Nilitaka kutapika. Yule mtoto tulimwita mara tatu ndipo akafumbua macho. Wote tukasema, "Hii ni malaria." Tukanunua vidonge dukani, tukameza, tukakaa uani tukiota jua. Ilipofika saa sita mchana tulikuwa wazima. Tukavisifu vidonge.

Usiku uliofuata jiko likaingizwa tena. Asubuhi kichwa kile kile. Ndipo mganga wa zahanati alipotuuliza swali moja tu: "Mnalala na nini chumbani?" Tulipomjibu alitikisa kichwa. Akasema, "Hamna malaria. Mnakunywa sumu kila usiku."

Nusura tufe, ndugu msomaji. Na kama tungekufa, watu wangesema tumerogwa.

Sumu isiyo na harufu

Mkaa unapowaka hutoa hewa ya sumu. Wataalamu huiita kaboni monoksaidi. Hewa hiyo haina rangi, huwezi kuiona. Haina harufu, huwezi kuinusa. Haiwashi macho wala haikoholeshi. Makaa mekundu yasiyo na moshi hata kidogo huitoa kwa wingi. Hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Wanasema, "Moshi umekwisha, sasa jiko ni salama." Sivyo. Moshi umekwisha, lakini sumu haijaisha.

Sumu hii inauaje? Chukua mfano wa punda anayeteka maji kisimani. Kila siku anabeba madumu yaliyojaa maji, anayaleta nyumbani, watu wanakunywa. Damu yako ni kama punda huyo. Inabeba hewa safi ya oksijeni kutoka kwenye mapafu na kuipeleka kwenye ubongo, moyo na mwili mzima. Sasa mtu mbaya akiyajaza madumu mchanga, punda atafika nyumbani, lakini maji hayapo. Hivyo ndivyo sumu hii inavyofanya. Hushika nafasi ya oksijeni katika damu. Tena huishikilia damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Damu inazunguka, lakini ubongo unakosa hewa.

Kwanza kichwa huuma. Kisha huja kizunguzungu, kichefuchefu na mwili kulegea. Kisha usingizi mzito. Mtu aliye macho anaweza kushtuka akatoka nje. Lakini aliyelala hashtuki. Anapita kutoka usingizini hadi kifoni bila kupiga kelele.

"Wazee wetu waliota moto ndani"

Najua utaniuliza, "Mbona wazee wetu waliota moto ndani ya tembe, na sisi tukazaliwa?" Ni swali zuri.

Wazee walichoma kuni. Moto wa kuni nao hutoa sumu hii, lakini pia hutoa moshi. Moshi ukizidi, macho yanatoka machozi, mtu anakohoa na kutoka nje. Moshi ulikuwa kama mbwa anayebweka mwizi akija. Mkaa ni mwizi asiyebwekewa. Tena nyumba zetu zimebadilika. Leo tunajenga kwa matofali, tunaweka bati, dari, mlango unaobana na dirisha la vioo. Hayo ni maendeleo, na ni mazuri. Lakini nyumba inayobana vizuri huzuia upepo usiingie, na huzuia sumu isitoke.

Hata hivyo tusidanganyane kwamba moshi wa tembe ulikuwa baraka. Bibi zetu wengi walipata macho mekundu na kifua kisichopona. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 hewa chafu ya moto wa majumbani iliua watu milioni 3.2 duniani. Kati yao zaidi ya 237,000 walikuwa watoto chini ya miaka mitano. Kwa hiyo moshi wa kuni unaua polepole, na mkaa chumbani unaua kwa usiku mmoja.

Mama mzazi na mtoto mchanga

Hapa ndipo ninapoogopa zaidi. Mama akijifungua, desturi yetu ni kumtunza katika joto. Jiko la mkaa huwekwa karibu na kitanda chake, na mlango hufungwa ili upepo usimpate mtoto. Mama mkwe anafanya hivyo kwa upendo. Lakini sumu hii huwadhuru upesi watoto wachanga na wajawazito. Humfikia hata mtoto aliye tumboni.

Ni kweli kwamba mtoto mchanga hatakiwi kupata baridi. Lakini joto lililo bora kwake ni mwili wa mama yake. Mfute mtoto akauke. Mlaze kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi. Mvishe kofia na soksi. Wafunike wote wawili kwa kanga na blanketi, uso wa mtoto ukiwa wazi apate kupumua. Usimwogeshe kabla ya saa 24 kupita tangu azaliwe. Joto hilo halinunuliwi wala halina sumu.

Injini nayo ni jiko

Mkaa hauko peke yake. Injini yoyote inayochoma mafuta hutoa hewa hii ya sumu. Vijiji vingi vina mashine ya kusaga inayotumia dizeli. Jioni mashine ikizimwa, chumba chake kina joto zuri. Mlinzi anaona heri alale humo. Ikiwa bomba la moshi limetoboka, au mashine imesaga hadi usiku milango ikiwa imefungwa, chumba hicho kina hatari.

Wengine wana jenereta ndogo ya petroli. Kwa kuogopa wezi, huiwasha ndani ya stoo au kibarazani chini ya dirisha. Wengine hulaza pikipiki sebuleni, na asubuhi huiwasha humo humo ipate moto kabla ya kutoka. Petroli ina hatari ya pili. Mvuke wake ukifika kwenye jiko la mkaa, nyumba yote huwaka.

Katika nchi za baridi kali, kama za Ulaya, watu wanaoishi mbali na umeme hutumia hita ndogo za dizeli kupasha joto nyumba, gereji na malori. Hita hizo moto wake umefungiwa ndani ya chuma. Bomba moja huvuta hewa kutoka nje, na bomba la pili hutoa moshi nje. Hewa inayopulizwa chumbani hupita pembeni ya chuma chenye joto, haichanganyiki na moshi. Na hata hivyo, bomba likivuja, watu hufa. Ndiyo maana wenye hita hizo hushauriwa kuweka kengele inayolia sumu ikizidi.

Sikuambii ununue hita hiyo. Nakuambia ujifunze jambo moja: moshi uwe na njia yake, na hewa ya kupumua iwe na njia yake. Jiko letu la mkaa halina bomba. Moto wake na mapafu yako vinatumia chumba kimoja.

Tufanye nini?

Baridi ni ya kweli, na siwezi kukuambia uvumilie tu. Fanya haya:

1. Ota moto uani pamoja na familia. Ukimaliza, zima makaa kwa maji au mchanga, ndipo uingie kulala. Jiko lisiingie chumbani hata kama makaa yamefunikwa majivu.

2. Usitegemee dirisha lililo wazi kidogo. Upepo ukigeuka, sumu hubaki ndani. Kinga ya kweli ni kutoingiza jiko.

3. Kula chakula cha moto jioni. Uji wa uwele au mtama kabla ya kulala husaidia mwili kupata joto.

4. Usilale sakafuni bila kitu. Baridi nyingi hutoka ardhini. Lala kitandani, au tandika nyasi kavu chini ya mkeka.

5. Jaza maji ya moto kwenye chupa isiyovuja, ifunge kwa kitambaa kizito, uiweke miguuni. Maji yasiwe ya kuchemka, na mtoto mdogo asiachiwe chupa hiyo.

6. Ukivuna, weka akiba ya blanketi kabla ya Juni. Mkaa wa kuota unaisha kila usiku. Blanketi linakaa miaka.

7. Jenereta iwe nje, angalau mita 6 kutoka mlangoni na madirishani. Pikipiki isukume nje kwanza, ndipo uiwashe.

Ukimkuta mtu amezimia

Fungua milango na madirisha haraka. Mtoe nje penye hewa safi. Usikae ndani, maana nawe utaanguka. Usimnyweshe maziwa. Maziwa hayaondoi sumu hii, na mtu aliyezimia anaweza kupaliwa akafa. Mlaze kwa ubavu ikiwa anapumua. Mpeleke zahanati au hospitali upesi, na useme wazi, "Alilala na jiko la mkaa." Dawa yake ni oksijeni. Hata akizinduka mpeleke, kwa sababu sumu hukaa katika damu kwa saa kadhaa.

Na kumbuka alama hii. Ikiwa watu wengi wa nyumba moja wameamka na kichwa asubuhi moja, na wakikaa nje wanapata nafuu, ulizeni kwanza juu ya jiko. Malaria pia ipo, kwa hiyo nendeni mkapime. Lakini msimeze vidonge kwa kubahatisha kisha mkarudi kwenye chumba kile kile.

Maoni yangu

Wapo wanaosema kwamba vifo hivi ni ujinga wa wanakijiji. Mimi sikubali. Mtu hafi kwa jambo ambalo hakuelezwa. Mwaka 1973 nchi yetu iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu, wakajadili, kisha wakachimba vyoo. Walifanya hivyo kwa sababu walielezwa na wakaelewa. Juu ya jiko la mkaa nako tufanye vivyo hivyo.

Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ifikapo mwaka 2034. Ni jambo jema. Lakini mkakati huo unasema juu ya kupika. Mwanakijiji wa Mpwapwa au Chemba anatumia mkaa pia kujikinga na baridi. Akipata gesi ya kupikia lakini hana blanketi, bado ataingiza jiko chumbani. Kwa hiyo nawaomba viongozi wa vijiji walieleze jambo hili kwenye mkutano wa hadhara kila mwezi wa Mei, kabla baridi haijaanza. Wakunga na wahudumu wa afya wamweleze kila mjamzito, pamoja na mama mkwe wake. Wenye mashine za kusaga wawajengee walinzi kibanda mbali na injini.

Nawe uliyejifunza kusoma, una kazi. Nyumba ya jirani yako huenda hakuna anayesoma. Leo jioni, kabla hajafunga mlango, nenda umsomee ukurasa huu.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini makaa mekundu yasiyo na moshi ni hatari?
2. Katika kijiji chetu, mama mzazi hutunzwaje wakati wa baridi? Tubadilishe nini?
3. Mlinzi wa mashine yetu ya kusaga analala wapi?
4. Ni nyumba zipi katika kitongoji chetu hazina blanketi za kutosha, na tunaweza kuzisaidiaje kabla ya Juni?