Kiu ya Kairo na Kiu ya Chilangala

Nilifika Kairo katikati ya Julai, mwezi ambao kwetu Chilangala, juu ya uwanda wa Makonde, wazee huota moto asubuhi. Mchana joto lilipita nyuzi 38 na lami ilinata viatuni. Nilijiandaa kwa kiu.

Kiu sikuiona. Katika mitaa ya mji mkongwe nilikuta mitungi na majokofu ya maji yamewekwa barazani, kikombe kando, mpita njia anywe bure. Maji ya sabili. Neno hilo Waswahili tunalo pia. Sabili ya Abd al-Rahman Katkhuda, iliyojengwa mwaka 1744, ingali imesimama katika barabara ya al-Muizz. Wajenzi wa sabili za namna ile waliziwekea na wakfu: kodi ya maduka au mashamba ilimlipa mchota maji, mwaka hadi mwaka.

Hapo ndipo tulipokosea sisi. Kairo ni jangwa. Newala hunyeshewa miezi kadhaa kila mwaka. Ni kweli mchanga wetu huimeza mvua yote, na mama zetu wameteremka mabondeni na ndoo tangu enzi. Lakini maji ya Mitema yapo chini ya kilima. Sisi huzindua pampu kwa ngoma, tukasahau fedha ya kuitengeneza. Kabla ya mradi mwingine kukatiwa utepe, mbunge atuambie: nani atalipia umeme wa pampu mwaka wa tano?