Kichocho Pemba: Dawa tumewapa watoto, tuwape na maji



Ndugu Waislamu, miongoni mwa mambo ya mwanzo anayofundishwa mtoto wa chuoni katika mlango wa twahara ni kuwa Mtume (S.A.W.) alikataza mtu kukojoa katika maji yaliyotuama. Hadithi hiyo imepokewa na Abu Hurayra (R.A.), na Maimamu Bukhari na Muslim wameithibitisha. Wengi wetu tumeifahamu kuwa ni suala la najisi na udhu tu. Kisiwani Pemba, katazo hilo linagusa pia afya ya mtoto na masomo yake.

Mtu mwenye kichocho cha mkojo anapokojoa majini, hutoa mayai ya minyoo. Mayai huanguliwa, na vijidudu vinavyotoka humo huingia ndani ya konokono wa maji baridi, wakakua na kuzaana. Kisha hutoka wakiwa wengi, wakipenya ngozi ya yeyote anayeoga, kufua, kucheza au kuteka maji hapo. Matokeo yake ni mkojo wa damu, maumivu, upungufu wa damu, na mwanafunzi anayekaa darasani akiwa mnyonge. Ugonjwa ukiachwa kwa miaka, huharibu kibofu na figo.

Pemba haikukosa watafiti. Tangu mwaka 2000 ipo Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri huko Wawi, Chake Chake. Kati ya mwaka 2012 na 2017 ulifanyika utafiti mkubwa katika shehia 90 za Zanzibar, 45 za Unguja na 45 za Pemba. Wananchi wa shehia zote walipewa dawa ya prazikwanteli mara mbili kwa mwaka. Katika theluthi moja ya shehia hizo, konokono waliuawa kwa dawa pia. Katika theluthi nyingine, wananchi, walimu wa skuli na walimu wa madrasa walishirikishwa kubuni njia za kubadili mazoea: watoto walifundishwa kwa michezo, zikajengwa sehemu za kukojolea skuli na sehemu za kufulia nguo mbali na vijito.

Matokeo yanastahili kuzingatiwa. Maradhi yalipungua sana, Alhamdulillahi. Lakini hayakukatika. Aidha, shehia zilizoongezewa elimu au kuuliwa konokono hazikuonesha tofauti kubwa ya kuaminika kitakwimu na zile zilizopewa dawa peke yake.

Je, tuseme elimu haina faida? Hasha. Dawa hii huua minyoo iliyokomaa mwilini, lakini haimkingi mtu asiambukizwe tena kesho. Elimu nayo humjulisha mtoto hatari ya kijito, lakini haimchimbii kisima wala haimjengei choo. Mama ambaye bomba lake halitoi maji, na ana nguo za watoto za kufua, atakwenda kijitoni hata kama ameihifadhi hadithi kwa moyo. Mkulima wa mpunga bondeni hana namna ya kulima bila kuingia majini. Kumlaumu mtu kwa jambo asilokuwa na njia ya kuliepuka si uadilifu.

Lipo jambo jengine ambalo huzungumzwa kwa siri. Kichocho huathiri pia viungo vya uzazi vya mwanamke, na dalili zake hufanana na za maradhi ya zinaa. Basi msichana aliyeambukizwa akiteka maji huenda akanyamaza kwa hofu ya kudhaniwa vibaya, na kunyamaza kwake huweza kumfikisha kwenye utasa. Sheria yetu imeweka adhabu nzito kwa mwenye kumsingizia mwanamke mwema. Itakuwaje basi, nyumba au mtaa mzima ukimhukumu binti kwa sababu ya mnyoo wa mtoni? Wazazi na maulamaa wana wajibu wa kulisema hili wazi, kwa adabu, ili binti apelekwe hospitali kwa heshima yake.

Kuanzia mwaka 2020, watafiti kaskazini mwa Pemba waligeukia njia nyengine: kuelekeza nguvu katika shehia zenye maambukizi zaidi, kuwapima watoto skuli na jamaa zao majumbani, na kuyafuata maji wanayoyatumia. Shirika la Afya Duniani nalo limeweka lengo kuwa kufikia mwaka 2030 kichocho kisiwe tena tatizo la afya ya jamii. Lengo hilo halitafikiwa kwa vidonge pekee.

Hapa ndipo Waislamu tunapoulizwa. Saad bin Ubada (R.A.) alipotaka kumtolea sadaka mama yake aliyefariki, Mtume (S.A.W.) alimwelekeza kwenye maji, naye akachimba kisima. Sayyidna Uthman (R.A.) alikinunua kisima cha Ruma, akakifanya wakfu kwa watu wote. Zanzibar ni nchi ya wakfu tangu zama za wazee wetu. Tumezoea kuweka wakfu mikarafuu, minazi na nyumba. Ni vyema tukaweka pia kisima, choo cha skuli na sehemu ya kufulia katika shehia zinazosumbuliwa zaidi na maradhi haya. Serikali isiachiliwe jukumu lake la kufikisha maji, na wenye uwezo, walioko nyumbani na walioko ughaibuni, wasingoje.

Ustadhi aendelee kufundisha hadithi ya maji yaliyotuama. Sisi tuhakikishe kuwa mtoto anayeisikia, akitoka chuoni, anakuta choo cha kuingia na maji safi ya kutumia. Hapo ndipo tutakuwa tumemwezesha kuifuata.

Wabillahi tawfiiq.