Saratani ya utumbo mpana: Kwa nini daktari huweka alama ya wino?

Upasuaji wa matundu madogo unazidi kutumika kuondoa saratani ya utumbo mpana. Daktari hupitisha kamera na vifaa vyembamba tumboni, na mgonjwa hupona haraka zaidi.

Lakini kuna swali: uvimbe uko wapi hasa? Utumbo mpana una urefu wa mita 1.5 hivi, na uvimbe mdogo ulio ndani hauonekani kwa nje. Tumbo likipasuliwa, daktari huupapasa kwa vidole. Kwa matundu madogo hawezi. Akikosea, atakata sehemu isiyo na ugonjwa na kuacha yenye saratani.

Ndiyo maana, mgonjwa anapopimwa kwa kamera kupitia njia ya haja kubwa, hudungwa wino mweusi wa kaboni kwenye ukuta wa utumbo, karibu na uvimbe. Doa hilo huonekana kwa nje.

Tatizo huja pale kipimo kinapofanyika hospitali moja na upasuaji nyingine. Doa lisilo na maelezo hupotosha. Kwa hiyo tunashauri: kabla ya upasuaji, uliza kama uliwekewa alama, na kama ripoti inasema iko juu au chini ya uvimbe. Ripoti hiyo ipige picha kwa simu yako, uitunze.