BERINGI HAITENGENEZWI KWA CHAI

Ndugu wafanyi kazi,

Leo nataka kusema juu ya kitu kidogo cha chuma, yaani beringi ya injini ya gari, kwa sababu ndani yake limo jambo kubwa la mshahara wetu. Asiyejua injini asiogope, nitaeleza pole pole.

Kabla sijaingia kazi ya reli nilikuwa kwa tajiri mmoja mwenye malori. Jina lake silitaji. Katika kitabu chake cha mishahara niliandikwa "msaidizi". Kwa maandishi, kazi yangu ilikuwa kuosha vyuma na kushika taa. Jumamosi moja jioni alinijia mwenyewe na sauti tamu: "Fundi, gari langu la nyumbani linagonga. Gereji wanataka kushusha injini yote, tena wanataka pesa nyingi. Kesho ukitoka kanisani, pitia kwangu uliangalie."

Sikieni basi kazi niliyoifanya, kisha mseme wenyewe kama ni kazi ya msaidizi.

Nilifika, nikawasha injini, nikasikiliza. Ilikuwa inagonga chini, ko, ko, ko. Gari lilikuwa la zamani. Nikaondoa nyaya za plagi moja baada ya nyingine. Nilipofika silinda ya 3, mgongo wa sauti ukavunjika. Hapo nikajua ni beringi ya konrodi ya 3. Nikainua gari kwa jeki, nikaliweka juu ya magogo imara, kwa maana mtu asiingie kamwe chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Nikamwaga oili. Ndani yake mlikuwa na vipande vidogo vinavyong'aa kama magamba ya samaki. Nikafungua sampu, nikalala juu ya gunia.

Beringi ya konrodi ni vipande viwili vya chuma, kila kimoja kama nusu ya bangili, vilivyopakwa madini laini ndani. Vinakaa kati ya konrodi na krankishafti. Havigusani na shafti injini inapokwenda, kwa kuwa oili inapita katikati. Kwa shafti yenye unene wa inchi 2, nafasi hiyo huwa kama inchi 0.001 mpaka 0.002. Ni nyembamba kama unywele. Nafasi ikizidi, oili inakimbia na injini inagonga. Ikipungua, beringi inaungua.

Nikaweka alama kila kifuniko kabla ya kukitoa, maana kifuniko cha konrodi moja hakiingii katika nyingine. Beringi ya 3 ilikuwa imelika mpaka rangi ya shaba ikaonekana. Nikapitisha ukucha juu ya shafti, haukukwama. Nikapima kwa maikromita mahali panne, ili nijue kama shafti ingali duara. Ilikuwa duara. Kama ingalikuwa na michirizi au imekuwa yai, ningalimwambia tajiri ukweli: itolewe, ipelekwe kukatwa kwa mashini, na beringi nene zaidi zinunuliwe, ya 0.010 au ya 0.020. Kazi hiyo haifanyiki uani.

Nikamtuma anunue seti nzima, si moja, kwa kuwa zote zilikunywa oili ile ile chafu. Nikatafuta na chanzo. Chujio la pampu ya oili lilikuwa limezibwa na uchafu mweusi mzito, kwa kuwa oili haikubadilishwa muda mrefu. Anayeweka beringi mpya bila kutafuta iliyoua ya kwanza, amezika maiti akamwacha mwuaji nyumbani. Nikasafisha yote, nikapaka oili beringi mpya, nikapima nafasi, nikakaza bolti kwa spana ya kupimia nguvu, kama kitabu cha gari kinavyosema. Filta mpya, oili mpya. Nikawasha. Kimya. Injini ilisikika kama cherehani.

Ilikuwa saa kumi na mbili jioni. Nikapewa kikombe cha chai, mkate vipande viwili, na shilingi 200 "za nauli". Nikasema asante.

Mwisho wa mwezi nikaenda ofisini kuomba mshahara wa fundi. Tajiri yule yule akaniangalia kama hanijui. "Fundi? Una cheti gani wewe? Wewe ni msaidizi tu."

Ndugu zangu, nawauliza: Jumapili nilikuwa fundi, Jumatatu fundi alikwenda wapi? Cheti kilikosekana pale nilipolala chini ya gari lake? Hata misheni, tulikosoma darasa chache, hatukufundishwa kwamba mtenda kazi alipwe maneno matamu.

Lakini sitaki kumpiga tajiri peke yake. Nataka tujitazame na sisi.

Kwanza, mimi nilikosa kwa kupokea ile chai. Anayekubali chai leo amemwekea mwenzake bei ya kesho. Fundi wa pili akienda kudai haki yake anaambiwa: "Mwenzako alifanya kwa chai." Kumsaidia jirani asiye na kitu ni utu. Kumfanyia bure mtu anayekulipa nusu ya haki yako kila mwezi ni ujinga.

Pili, wako wenzetu wanaotuharibia jina. Mtu anakata kipande cha mkanda wa ngozi, anakitia mahali pa beringi, anachukua pesa na kuondoka. Ngozi yaweza kumtoa dereva porini pole pole mpaka nyumbani, lakini si matengenezo. Mwingine anatia karatasi ya bati nyuma ya beringi ili ibane. Mwingine anakwangua kifuniko kwa tupa, tundu linakuwa yai. Kelele inanyamaza siku chache. Kisha beringi inazunguka mahali pake, tundu la oili linazibika, konrodi inakatika na kutoboa ubavu wa injini. Na kama ni gari la abiria mlimani? Watakaoumia ni wafanyi kazi kama sisi, si tajiri. Ujanja huo ndio unaowapa wakubwa neno la kusema kwamba mtu asiye na cheti hajui kitu.

Basi tufanye nini? Mwezi wa Januari 1947 wafanyi kazi wa Mombasa, wa bandari na wa reli pamoja, waliacha kazi kwa sababu ya mishahara midogo na maisha ghali. Hawakwenda mmoja mmoja kunywa chai na mkubwa. Serikali ya wakoloni ikalazimika kuweka baraza la kuangalia mishahara, na wengi wakaongezwa. Sisi leo tunayo na sheria. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyi kazi haki ya malipo ya haki na haki ya kuingia chama. Sheria ya Kazi ya 2007 inasema kazi zenye thamani sawa zilipwe sawa. Majaribio ya ufundi ya serikali yapo, kuanzia Gredi ya 3 mpaka ya 1, na anayepimwa hupimwa kwa mikono yake.

Kwa hiyo nasema mambo matatu. Chama kidai kwamba kila msaidizi anayefanya kazi ya fundi apewe nafasi ya kufanya jaribio, na akishinda alipwe kama fundi, bila kungojea mtu mwingine afe. Kila mwanachama aandike katika daftari kazi anazofanya, tarehe na gari gani, ili siku ya kudai tusibaki na maneno matupu. Tena fundi akiitwa nyumbani ataje bei kabla ya kushika spana, na kazi yake iwe safi.

Madini ya beringi yalifanywa laini makusudi, ili yalike yenyewe na shafti ya thamani ipone. Mabwana wengi wanatutaka tuwe hivyo. Lakini hata beringi inadai oili yake, na ikinyimwa hugonga mpaka mwenye gari asimame njiani.

Tusingoje kuungua. Tugonge sasa, sote pamoja.

Ni mimi ndugu yenu,
Mfanyi kazi wa Reli